Ubingwa wa Nigeria hauelezwi na Marekani pekee
Mwandishi wa makala moja ameueleza ubingwa wa tano mfululizo wa Afrika wa wanawake wa Nigeria katika mpira wa kikapu, uliopatikana Abidjan mwaka 2025 kwa kuifunga Mali 78 kwa 64, kana kwamba siri yake yote ni wachezaji waliokulia Marekani. Sikubaliani naye, kwa kuwa taji hilo halijawatoka tangu 2017 ingawa makocha wamebadilika, na mwaka 2024, chini ya kocha Rena Wakama, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au wanawake, kufika robo fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki. Huku kwetu Mtwara binti mrefu haelekezwi kwenye kikapu bali kwenye netiboli (nami naipenda), ambayo goli lake halina hata ubao wa nyuma.