Usalama wa wingu: jengo limelindwa, funguo je?

Mwenye biashara ndogo anayefikiria kuhamishia kazi zake kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, huuliza kwanza: data zangu zitakaa wapi, na nani atazilinda? Ana haki ya kuuliza. Amezoea kuiona seva yake pale ofisini, sasa anaambiwa aikabidhi kazi yote kwa kampuni ya mbali, ndani ya jengo ambalo yeye mwenyewe hataruhusiwa kuingia. Lakini jengo ni sehemu ndogo tu ya hatari inayomkabili, na ninaona watu wengi wakimaliza nguvu zao zote hapo.

Kwa upande wa jengo, wanaotetea kuhama wana hoja nzito. Seva ya ofisi ndogo mara nyingi hukaa chini ya meza au katika chumba ambacho kila mtu ana ufunguo wake. Haina umeme wa akiba wa kutosha, na sasisho zake hungoja hadi mtu apate nafasi. Kituo cha data, yaani jengo la mtoa huduma lenye seva nyingi, kina walinzi usiku na mchana, milango ya kadi na alama za vidole, kamera, jenereta, mitambo ya kupooza na mafundi ambao hiyo ndiyo kazi yao. Hakuna duka au ofisi ya watu kumi inayoweza kujijengea ulinzi wa namna hiyo.

Hata hivyo, vyeti visomwe kwa makini. Madaraja manne ya Uptime Institute, taasisi inayopima vituo vya data, yanaeleza uwezo wa kituo kuendelea kufanya kazi mtambo unapoharibika au kufanyiwa matengenezo; hayasemi lolote kuhusu wadukuzi. ISO 27001, kiwango cha kimataifa, nayo inahusu jinsi kampuni inavyosimamia usalama wa taarifa. Muuzaji anayetaja kimoja kana kwamba kinajibu maswali yote aulizwe zaidi.

Wanaosita kuhama nao wana ushahidi. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo jirani. Wapo wateja waliokuwa wakilipia nakala rudufu, kisha wakagundua kuwa zilihifadhiwa palepale palipoungua. Suala hilo lilifika mahakamani. Agosti 2023, kampuni ya CloudNordic ya Denmark ilivamiwa na wadukuzi wanaofunga data ili wadai fidia. Seva zilifungwa pamoja na nakala rudufu, na wateja wengi hawakupata tena kitu. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoa huduma naye huanguka hasemi uongo.

Lakini tazameni yaliyowapata watu ambao vituo vyao vya data havikuguswa kabisa. Code Spaces ilikuwa kampuni iliyowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, ikitumia miundombinu ya Amazon. Juni 2014 mdukuzi aliingia katika paneli ya usimamizi ya akaunti ya kampuni hiyo, yaani ukurasa wa kuendeshea huduma zake zote, akadai fedha, na kampuni ilipojaribu kumtoa akaanza kufuta. Kwa kuwa nakala rudufu zilisimamiwa kutoka akaunti ileile, nazo zilifutika kwa sehemu kubwa. Ndani ya saa 12 hivi biashara ilikuwa imekwisha. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya wateja wa Snowflake, kampuni ya kuhifadhi data kwenye wingu: mashirika yapatayo 165 yaliarifiwa kuwa huenda data zao zimefikiwa. Waliovamia walitumia nywila zilizoibwa, na akaunti walizoziingia hazikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudai uthibitisho wa pili juu ya nywila.

Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Watoa huduma wakubwa hutaja wazi katika masharti yao kwamba majukumu yanagawanywa: wao hulinda jengo, mitambo na mtandao wao, mteja hulinda akaunti, ruhusa na data zake. Ninaukubali mgawanyo huo kimsingi, ila siuoni kuwa wa haki kamili. Biashara ndogo haina mtaalamu wa kompyuta, na paneli za usimamizi zina mamia ya mipangilio. Hatua hizo mbili kwa akaunti za wasimamizi zilipaswa kuwa lazima tangu zamani. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, na Microsoft zilianza kulazimisha hilo mwaka 2024, miaka 10 baada ya Code Spaces, na hiyo ni kuchelewa sana.

Je, kubaki na seva ofisini ni salama zaidi? Kwa mwenye mafaili makubwa na intaneti dhaifu, kubaki kunaweza kuwa uamuzi sahihi, mradi awe na nakala mahali pengine. Lakini barua pepe ya ulaghai inayoiba nywila inamfikia hata huko. Kwa walio wengi, ningesema wahame, na fedha wanazookoa kwa kutonunua seva mpya, sehemu yake iende kwenye nakala ya pili.

Nakala hiyo iwe kwa mtoa huduma mwingine, chini ya akaunti yenye msimamizi na nywila tofauti. Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa wingu lake binafsi lililokuwa Google Cloud, huduma ya wingu ya Google, kutokana na kosa la usanidi upande wa Google. Huduma zilisimama kwa siku kadhaa, lakini UniSuper ilikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine, na zilisaidia kuirejesha kazini. Gharama ya nakala ya pili ndiyo pingamizi ninayoisikia zaidi, na kweli inauma. Basi anayebanwa aanze na vile ambavyo bila hivyo hawezi kufungua mlango kesho: hesabu, orodha ya wateja, mikataba. Na kabla ya kusaini, amtake mtoa huduma aandike nakala zinakaa jengo gani, na kuzirejesha huchukua saa ngapi.