Mpigaji hatajwi

Mtu akija kunipa pole ya baba, suala la pili huwa hili: "Mzee alikuwa akipiga chombo gani?" Nami hujibu fidla, maana ndilo jibu fupi. Lakini alipiga pia ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, pale mpigaji wake alipoumwa, akodiani, ngoma ya dumbak, na kwenye kidumbak, ile taarab ya mitaani ya kuchezwa, akishika hata sanduku, yaani besi ya boksi na uzi.

Wapo wenzake waliomsema kwa methali ya mshika mawili. Nadhani aliyeitunga hakuwahi kuwa katika kikundi cha taarab. Vikundi vyetu vikubwa vya Unguja, Ikhwan Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya 1958, ni vya watu wenye kazi zao: mwalimu, karani, fundi seremala. Usiku wa harusi mmoja ana msiba, mwengine kazini hawajamwachia, na bibi harusi hangoji. Bila ya mtu wa kukalia kiti kilicho wazi, taarab haifiki asubuhi. Kwa hiyo baba hakuwa akitangatanga, alikuwa akiziba pengo.

Ganuni ndiyo iliyomtesa. Nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na masika ikiingia unyevu zote zinalegea. Ataiweka magotini, ufunguo mkononi, akaze uzi mmoja, audonoe, ausikilize na wenziwe wawili, arudi tena, mpaka sauti tatu ziwe moja. Saa nzima inakwisha hivyo. Mama akipita na sinia yake ya mchele kwa kunyata, kama anayepita mbele ya mtu anayesali.

Ijumaa yumo ndani ya suti na tai, kwenye bashraf, muziki wa vyombo vitupu bila ya mwimbaji, ambapo kila mmoja anaijua zamu yake. Jumamosi yuko shamba, shati limemrowa, anapiga kidumbak. Huko hakuna kupumzika: wimbo unaungwa na wimbo, wachezaji wanakata viuno, na mpiga fidla ndiye anayeamua lini watu wahamie wimbo mwengine. Waungwana wa taarab walikuwa wakikiona kidumbak kitu cha wahuni. Baba akisema kidumbak ndicho kilichomfunza mkono, na mimi namuamini yeye kuliko waungwana. Wala hakuwa peke yake. Makame Faki, yule Sauti ya Zege, ana jina kotekote, kwenye taarab na kwenye kidumbak.

Kinachonikera ni kwamba sisi hukumbuka koo tu, mikono hatuikumbuki. Redioni hutajwa mwimbaji, akibahatika na mtunzi naye hutajwa. Nimepata kuoneshwa kanda za zamani mahali zinapowekwa: juu ya boksi jina la mwimbaji, jina la kikundi, basi. Tabia hii si ya jana. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, kila mtoto wa skuli anamjua. Muulize mtoto huyo huyo kuhusu Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban, waliokuwa wakipiga na kuimba naye. Atakutazama tu.

Nasikia watu wanataka sherehe za kuwaenzi wasanii, na picha, na vyeti. Mimi nataka kitu rahisi zaidi: vikundi viwakalishe wazee wao, viwapigie kanda, viandike nani kapiga nini. Bado wapo wanaoweza kusikia upinde ukiburuzwa wakakwambia huyu ni fulani. Wamebaki wachache, na wengine masikio yameanza kuwa mazito.

Nimeanza na za baba. Nina daftari, kila wimbo na wapigaji wake. Kuna wimbo mmoja umewagombanisha wazee wawili barazani kwetu. Mmoja anaapa fidla ile ni ya baba, mwengine anasema siku ile baba alikuwa nyuma, kwenye dumbak. Nimeandika yote mawili.