Tumuulize na mwenyewe

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema watoto walio ng'ambo ndio huwazuia wazazi wao wazee kurudi Kenya. Kwetu hiyo ni nusu ya habari. Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu huko Luton, Uingereza, na ana nyumba Ruai, Nairobi, aliyoijenga kidogo kidogo. Binamu zangu wanakataa asirudi kwa sababu ya presha na sukari. Kule dawa anapewa bure, hapa tutachanga. Wana hoja. Tena pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Kenya haipandishwi kila mwaka kama ya waliobaki kule, na bei za Nairobi mnazijua. Uraia si tatizo, tangu Katiba ya 2010 unaweza kushika pasipoti mbili.

Lakini na sisi wa huku tusijifanye malaika. Nyumba ile ina mpangaji, kodi inapokelewa na ndugu yetu mmoja, na ndiye anayepiga kelele zaidi kuliko wote eti "asubiri kwanza". (Miaka sita sasa.)

Desemba alipokuja, nilimpeleka Ruai. Alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Mpangaji, maskini, akamuuliza anamtafuta nani. Shangazi akasema amekuja kuona mparachichi tu, akasimama chini yake akihesabu matunda.

Jumapili iliyopita tulizozana kwenye simu ya video saa mbili nzima, Nairobi na Luton. Mwishoni ndipo tukagundua shangazi alikuwa amezimiwa sauti tangu mwanzo.