Msiitenge Picha na Maneno Yake

Juzi nimekutana mtandaoni na picha ya zamani ya kuchapwa, inauzwa ikiwa peke yake, pembe moja bado ina alama ya wembe ulioikata kutoka kitabuni. Mwanamume mweusi amesimama, upanga mkononi. Chini yake pameandikwa kwamba ni mwigizaji Ira Aldridge akiwa Aaron, mhusika wa Titus Andronicus ya Shakespeare. Muuzaji ametaja vipimo vya karatasi na bei, basi. Imeniuma.

Picha hiyo ilitoka kwa John Tallis, mchapishaji wa London, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Aldridge alikwenda kwanza studio ya William Paine, mtaa wa Islington, akapigwa dagerotaipu akiwa amevaa mavazi ya jukwaani. Dagerotaipu ni picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ni moja tu, haitoi nakala. Ndiyo maana mchongaji alilazimika kuinakili kwa mkono kwenye bamba la chuma, mstari kwa mstari, kivuli kwa kivuli. Shaba ingelika mapema, lakini chuma kilivumilia maelfu ya nakala, na msomaji ambaye hajawahi kukanyaga jumba la maonyesho akaweza kuwa na mwigizaji huyo nyumbani kwake.

Sasa ukimwona Aaron ukutani, bila maelezo yoyote, utamwonaje? Aliyesoma tamthilia atakumbuka mwovu, mtu mweusi anayejisifia ukatili wake. Aldridge hakuridhika naye. Akiwa na mwandishi C. A. Somerset aliiandika upya tamthilia hiyo, Aaron akawa mtu wa heshima na shujaa. Hata kwa Shakespeare mwenyewe kuna pale Aaron anapochomoa upanga kumlinda mwanawe mchanga dhidi ya wanaotaka kumuua. Upanga ule ule, maana mbili. Karatasi peke yake haitakuambia uuone upi.

Wala haitakuambia alikopitia. Alizaliwa New York mwaka 1807, akaenda Uingereza akiwa kijana kwa kuwa jukwaa la kwao halikuwa na nafasi kwa mtu mweusi mwenye ndoto kama zake. Aprili 1833 aliigiza Othello wa Shakespeare katika jumba la maonyesho la Covent Garden, London, baada ya mwigizaji Edmund Kean kuzidiwa na ugonjwa jukwaani. Magazeti kadhaa ya London yalimshambulia kwa rangi yake, na baada ya maonyesho mawili tu hakuitwa tena. Akazunguka mikoani miaka mingi, halafu Ulaya nzima hadi Urusi, na akafia Łódź, Poland, mwaka 1867, akiwa bado safarini kikazi. Mtu aliyeyapitia hayo yote anauzwa kama pambo la sebuleni!

Hali ni mbaya zaidi kwa Vanity Fair, jarida la zamani la Uingereza. Mwigizaji Henry Irving alichorwa humo kwa mzaha mwaka 1874 na Carlo Pellegrini, aliyetia sahihi ya Ape, kwa lithografia ya rangi, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe. Kila mchoro wa jarida lile ulikuja na maandishi yake, chini yake jina la kalamu la Jehu Junior, yakimweleza mhusika kwa ulimi mkali. Michoro imejaa madukani; maandishi huyakuti. Yametupwa. Umebakiziwa mzaha usiojua umeanzia wapi.

Najua sababu za wakataji. Jalada limeoza, kurasa zimeachia, na karatasi moja moja huleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima. Kitabu kilichokwisha kufumuka chenyewe siwezi kumlaumu mtu kwa kukigawa, na kwa wengi wetu karatasi moja ndiyo pekee tunayoimudu. Lakini kukifumua kizima ni uharibifu, hata ukiwa na risiti. Na anayeuza karatasi iliyokwisha kutoka, aandike nyuma kwa penseli laini: jarida gani, mwaka gani, ukurasa upi. Dakika moja haifiki.

Nimemwandikia muuzaji wa picha ya Aldridge. Sikumwomba apunguze bei. Nimemuuliza aliikata kwenye kitabu gani, na kama kurasa zilizobaki bado anazo, nipo tayari kuzinunua pamoja nayo.