Kashinda Nani, Mchoraji au Mpiga Picha?

Kwenye mashindano ya uchoraji hapa Dar es Salaam kuna jambo wachoraji hulisema pembeni tu, jukwaani hawalisemi. Ukiwawekea majaji sura ya mzee mwenye makunyanzi, iliyochorwa kwa penseli mpaka jasho la paji la uso linang'aa, kazi nyingine zote zimekwisha. Mzee anachukua namba moja. Namba mbili, mara nyingi, ni mtoto mwenye chozi shavuni.

Wanaonung'unika wana hoja. Mchoro wa namna hiyo kwa kawaida huanzia kwenye simu. Mchoraji anapakua picha, anaipigia miraba, anapiga miraba mikubwa zaidi kwenye karatasi, halafu anahamisha vivuli mraba mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ni ngumu, inakula wiki, na anayeiweza simdharau. Lakini nani alimkalisha mzee karibu na dirisha ili mwanga umpige upande mmoja? Nani aliikata picha ikaishia kidevuni? Nani alisubiri mpaka macho yakalegea ndipo akabonyeza? Yote hayo ni ya mpiga picha, na mara nyingi ni mtu wa nchi ya mbali asiyejua kwamba mzee wake amepewa tuzo Dar. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha ya kamera kama inavyoulinda mchoro. Majaji wangapi huuliza picha imetoka wapi?

Watetezi hujibu kwamba mtindo huu una heshima yake duniani, na ni kweli. Fotorializimu, yaani kuchora mpaka kazi ifanane na picha ya kamera, ilichipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mchoraji wa huko, Chuck Close, alijichora mwenyewe kati ya 1967 na 1968, sigara mdomoni, kwenye turubai lenye kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, kwa kutumia miraba hiyo hiyo. Ila ukiitazama kazi ile utaona sehemu fulani za uso zimekolea ukali na nyingine, kama nywele za nyuma, zimefifia kidogo, kama lenzi inavyofanya kwa vitu visivyo kwenye fokasi. Close alikuwa anachora namna kamera inavyoona. Aliichukua kamera kuwa ndiyo habari yenyewe. Kwa wengi wetu kamera ni ya kunakilia tu, na ikishanakiliwa inafichwa. Kwa hiyo jina la Close halitusaidii sana katika utetezi huu.

Utetezi wenye nguvu uko kwingine, na wakosoaji huuruka. Mfikirie kijana wa Mbagala ambaye hajawahi kukaa darasa la sanaa. Nyumba ya Sanaa ya mjini, iliyoanzishwa 1972 na kumkuza msanii George Lilanga, haipo tena. Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kipo Mikocheni tangu 2008, lakini kutoka Mbagala kwa daladala, kwenda na kurudi, siku imekwisha. Mwalimu wake ni video za mtandaoni na kisanduku cha penseli. Ujuzi alionao unathibitika mbele ya kila mtu: sura inafanana au haifanani. Hapo jaji hawezi kumbeba mtoto wa rafiki yake kirahisi. Ukianza kutoa alama kwa "ujumbe" na "hisia", bila kueleza unazipimaje, umefungua mlango ambao Watanzania tunaujua vizuri, na wasio na mtu ndani watakuwa wa kwanza kubaki nje. Zaidi ya hapo, sura ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Anayetaka zawadi ya harusi haagizi kinyago cha shetani wa Kimakonde, anaagiza picha ya bibi harusi.

Wala tusijidanganye kwamba kuikimbia kamera ndiko kupata ubunifu. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao wa masonite kwa rangi za kung'aa mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1960, chui wake hakufanana na chui wa picha yoyote, na ndiyo maana tunamjua. Leo pita Haile Selassie, Oysterbay, utamkuta chui yule yule amenakiliwa mkono kwa mkono mpaka amechoka. Kunakili wenzio nako ni kunakili.

Mimi nadhani kosa kubwa liko kwenye utaratibu wa mashindano kuliko kwenye penseli. Kazi zinatumwa kwa simu, zinapitiwa na majaji kwa simu, nyingine zinapigiwa kura na watu kwa simu. Mchoro uliotoka kwenye picha ya simu unarudi kwenye simu, umefika nyumbani. Mng'ao wa rangi, ukubwa wa turubai, kifinyango kinachotaka ukizunguke, vyote vimekufa kabla ya raundi ya kwanza.

Huko Grand Rapids, Michigan, Marekani, shindano la sanaa la ArtPrize lilianza 2009 kwa kuwaachia wananchi uamuzi. Mwaka 2010 dola 250,000 zilikwenda kwa mchoro mkubwa wa penseli wa maafisa wa jeshi, uliotokana na picha ya zamani. Unaweza kusema, si unaona, watu wakiachiwa huchagua hivyo. Lakini mwaka 2014 wananchi hao hao waliipa tuzo yao kuu kazi ya Anila Quayyum Agha: sanduku lililotobolewa nakshi, taa ndani yake, vivuli vikitapakaa ukutani na juu ya miili ya watazamaji. Majaji, ambao kufikia hapo walikuwa na tuzo yao pembeni, nao waliigawia sehemu yake. Watu waliingia chumbani, wakasimama ndani ya vivuli vile. Kwenye simu lingekuwa sanduku tu.

Kwa hiyo sitaki penseli ipigwe marufuku. Nataka picha ya kamera iliyonakiliwa itundikwe pembeni ya mchoro, na iwe ya mchoraji mwenyewe au yenye ruhusa ya mpiga picha. Tukiziona zote mbili, aliyebadilisha kitu ataonekana, na aliyehamisha tu ataonekana pia. Nataka fainali iamuliwe mbele ya kazi zenyewe, na jaji aandike sababu zake, hata mistari mitatu, zibandikwe mlangoni.

Majaji, nahisi, wangekubali. Mgumu ni mfadhili. Ukumbi ni gharama, kusafirisha turubai ni gharama. Halafu kuna ile desturi ya mshindi kumkabidhi mgeni rasmi sura yake mwenyewe mgeni rasmi, wote wanacheka, kamera zinamulika, na nembo ya kampuni iko nyuma yao. Mchoro usiofanana na mtu yeyote unakabidhiwaje?