Simu 99 kwenye mkokoteni: taa za barabarani zinamhesabu nani?

Februari 2020, msanii wa Berlin aitwaye Simon Weckert alitoa video yake akivuta mkokoteni mdogo mwekundu kwenye barabara ambayo karibu haikuwa na gari. Ndani ya mkokoteni alikuwa amepakia simu 99, zote zimefunguliwa ramani ya Google. Alivyokuwa akipita, barabara iliyokuwa kijani kwenye ramani ikageuka nyekundu. Mfumo uliona simu 99 zikijikokota kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukajijibu wenyewe: foleni.

Nimeanza na kichekesho hicho kwa sababu mjadala wa kuongoza magari mijini una kambi mbili zinazopigiana kelele. Moja inataka taa zote zikabidhiwe akili unde. Nyingine inataka askari wa trafiki arudi katikati ya njia panda na filimbi yake. Kila upande una la kusema, ila wote hulikwepa swali la mkokoteni: mfumo unaona nini, na unamhesabu nani?

Wanaoisifu teknolojia wana haki kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukubali. Taa za kizamani hufuata ratiba: sekunde 40 upande huu, 30 upande ule, iwe saa mbili asubuhi au saa nane usiku. Aliyeipanga alihesabu magari siku moja, akaandika, akaondoka. Miaka mitano baadaye shule imejengwa pale jirani, kiwanda kimefungwa, na ratiba ni ile ile. Nani hajawahi kuganda kwenye taa nyekundu usiku wa manane huku upande wa pili hapiti hata paka?

Dawa ya upuuzi huo si ngeni. Toronto ilianza kuendesha taa kwa kompyuta mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1970 Waingereza walikuwa wanaujenga SCOOT, mfumo wa taa zinazojirekebisha kwa kuangalia magari yanayopita, na Sydney, Australia, nao wana wa kwao, SCATS. Waya uliofukiwa chini ya lami huhisi chuma cha gari kikipita juu yake. Kompyuta hupokea taarifa hiyo, ikaongeza sekunde tatu hapa, ikapunguza nne pale, na kuyaunganisha makutano ili gari linalotoka kwenye taa moja liikute inayofuata imeshafunguka. Hapo askari hafui dafu. Hata awe hodari vipi, anaiona njia panda yake peke yake, na akiachia magari dakika tatu mfululizo, foleni aliyoiondoa kwake ameirundika kwa mwenzake wa mbele.

Lakini kuna hesabu ambayo hakuna kompyuta inayoikwepa. Magari yaliyojipanga kwenye taa, ikiwaka kijani, hupita kwa wastani wa gari moja kila sekunde mbili katika kila njia. Kijani cha sekunde 30 ni magari 14 au 15 basi. Wakiwa wamejipanga 40, unaweza kuwagawia sekunde kwa ustadi wote wa dunia na bado 25 watabaki. Na ole wako ukifanikiwa, maana barabara ikilegea, walioacha magari nyumbani kwa sababu ya foleni watayatoa.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na Singapore ya mwaka 1975 kuliko Singapore ya leo. Mwaka huo walianza kumtoza dereva anayeingia katikati ya mji asubuhi, na chombo chao kilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye kioo, na askari anayekitazama gari likipita. Mitambo ya elektroniki ilikuja mwaka 1998, miaka 23 baadaye. Stockholm nao walipojaribu tozo ya namna hiyo mwaka 2006, magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yalipungua kwa takribani asilimia 20. Kilichofanya kazi ni bei. Tuwape haki yao wahandisi: mitambo iliwezesha bei kupanda na kushuka kwa saa, jambo ambalo karatasi ingelishindwa. Lakini uamuzi wa kutoza ulihitaji kiongozi aliye tayari kunuiwa mabaya na wenye magari, na mtu wa namna hiyo haagizwi kwa zabuni.

Sasa turudi kwa anayehesabiwa. Ule waya chini ya lami unahisi chuma. Lori unaliona, gari dogo unaliona, baiskeli mara nyingi unaikosa, mtu wa miguu haumwoni kabisa. Basi lenye watu 60 kwake ni gari moja, sawa na gari la mtu mmoja anayekwenda kununua vocha. Mfumo ukiambiwa upunguze muda wa magari kusubiri, utatii kwa uaminifu, na watu 60 watangoja.

Chukua kivuko cha barabara yenye upana wa mita 14. Kanuni za Marekani zilikadiria kwa miaka mingi kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, mpaka mwaka 2009 zilipoteremsha makadirio hadi karibu mita 1.07. Kwa hesabu ya zamani, sekunde 12 zinatosha kuvuka. Kwa hesabu mpya ni 13. Bibi mwenye mkongojo anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 17 na nusu. Taa ikibadilika kwa hesabu ya zamani, atakuwa bado ana zaidi ya mita nne mbele yake, na magari yameanza kunguruma. Sekunde zile tano na nusu zitatoka kwa nani? Hilo si swali la programu, japo kila siku linajibiwa ndani ya programu, kimyakimya.

Magari yanayojiendesha yanaleta shida ya aina nyingine. Oktoba 2023 jijini San Francisco, mwanamke aligongwa na gari lenye dereva, akarushwa mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Gari hilo likamgonga, likasimama, kisha likafanya lilichofunzwa kufanya baada ya ajali: kusogea pembeni. Lilimburuta kama mita sita. Kusogea pembeni ni kanuni nzuri siku zote isipokuwa mtu akiwa chini ya gari. Jimbo la California lilisimamisha kibali cha kampuni hiyo mwezi huo huo. Wanaotetea watasema madereva binadamu wanaua kila siku, na ni kweli. Kwa hiyo mimi siikatai teknolojia hii. Nikumbushe tu kwamba taa ya kwanza ya kuongozea barabara, ya gesi, iliyowekwa karibu na Bunge la London Desemba 1868, ililipuka mwezi uliofuata na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha, na bado leo hakuna anayetaka kuishi bila taa.

Kuna na usalama wa mitambo yenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa ruhusa ya wenye mfumo, walionyesha kwamba wangeweza kuzitawala karibu taa 100 kwa kompyuta moja ndogo, kwa sababu mawasiliano ya redio hayakuwa yamefungwa na nywila zilikuwa zile zile za kiwandani. Tatizo hilo lina dawa, mradi kuwe na mtu wa kuitoa.

Msimamo wangu: mashine ipewe sekunde. Orodha ya nani atangulie iandikwe na watu, hadharani, nayo iweze kupingwa. Na askari asifutwe kazi, kwani umeme ukikatika filimbi haizimiki.

Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliripoti kwamba kati ya vitufe 3,250 vya waenda kwa miguu jijini New York, zaidi ya 2,500 vilikuwa havifanyi kazi tena. Kompyuta zilizokuja kuongoza taa hazikuvihitaji, na kuving'oa kulikuwa na gharama. Viliachwa kwenye nguzo zake, watu wakaendelea kuvibonyeza.