Laki nane za waya, na mvumo uko palepale

Jumapili baada ya ibada mama mhazini wa kwaya alinishika mkono akanivuta pembeni, akatoa risiti kwenye pochi. Nilivyoisoma mara ya kwanza nikadhani nimekosea kuhesabu sifuri. Sh 780,000. Nikamuuliza, mama hii ni ya spika? Akasema hapana mwanangu, ni ya waya. Nyaya mbili za spika, mita 15 kila mmoja, na vile vingine viwili vya kutoka kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kwenda kwenye ampilifaya. Muuzaji kawaambia ule mvumo unaowasumbua tangu mwaka jana, ile mmmm inayosikika mchungaji akinyamaza kidogo, unaletwa na waya wa bei rahisi, wafunge hizi za "studio" utaisha. Wakafunga. Wiki ya tatu sasa. Mvumo uko palepale.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mwanangu, ina maana tumeliwa?

Hilo swali limenikaa kifuani mpaka leo. Hela ile naijua ilikotoka. Ni vitumbua vilivyouzwa nje ya kanisa baada ya ibada ya kwanza, ni michango ya buku buku, ni kuku na mikungu ya ndizi iliyopigwa mnada siku ya mavuno, kuna bibi mmoja pale alileta mayai sita yamefungwa kwenye leso na yakapigwa mnada yakanunuliwa kwa bei ya juu kwa sababu kila mtu alijua bibi yule hana kingine cha kuleta. Sasa mayai ya bibi yamekwenda kuwa ganda la nailoni lililosukwa vizuri juu ya shaba ileile.

Nasema mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia: nyaya za sauti za bei mbaya hazina thamani ya bei yake. Kanisani, ukumbini, sebuleni kwako, kote. Nimefanya kazi ya mitambo miaka 11, harusi, mikutano ya injili, misiba, vigodoro vya uswahilini, na sijawahi hata siku moja kukutana na tatizo la sauti lililoondolewa na waya wa gharama ambalo waya wa kawaida uliofungwa vizuri ungeshindwa kuliondoa.

Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule mafundi umeme wanaofungia soketi za nyumbani. Mita moja ina ukinzani, yaani namna waya unavyouzuia umeme, wa kama omu 0.007. Pale kanisani kutoka ampilifaya mpaka spika ni mita 15, kwenda na kurudi 30, jumla ni omu 0.2 na kachenji. Spika yenyewe ni ya omu 8. Kwa hiyo waya mzima unakula kama asilimia 2 na nusu tu ya volti, ukiigeuza kuwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, haifiki hata robo ya desibeli, fundi akigusa volyumu kwa ncha ya kidole ameshairudisha. Sebuleni ambako waya ni mita 3 hata kupiga hesabu ni kujichosha. Kuna wanaouza waya wa madini ya fedha, ni kweli fedha inapitisha umeme kuliko shaba, lakini inaizidi kwa kama asilimia 6, wakati ukibaki na shaba ileile ukatoka 2.5 ukaenda 4 unapunguza ukinzani kwa zaidi ya theluthi kwa nyongeza ya hela ndogo. Na ile dhahabu inayong'aa kwenye jeki, kile kichwa cha waya cha kuchomeka, dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, pale imewekwa kuzuia kutu, na kwa sisi tunaokaa na upepo wa chumvi hilo ni jambo zuri kweli, ila ni utando mwembamba mno, na jeki nzuri yenye utando huo haihitaji kuuzwa kwa laki.

Najua jibu linalokuja. "Kaka mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu." Nakuamini. Kabisa. Hapa ndo naomba tukae kidogo maana hapa ndo watu wanapoliwa.

Nina rafiki yangu Tabata, mtu makini, anasikiliza rumba kila Jumamosi jioni miguu iko juu ya stuli na hataki kuongeleshwa. Alinunua nyaya za spika za bei ambayo hakutaka hata mke wake aijue. Akaniita nikasikilize, akasema besi imefunguka, sauti za waimbaji zimetoka mbele. Nikamwambia tufanye jaribio, nikachukua kanga nikafunika nyuma ya ampilifaya, yeye akakaa kwenye kiti chake kageukia ukutani. Mara ya kwanza nikainuka, nikagusagusa nyuma pale, nikarudi kukaa bila kubadilisha chochote. Akasema eeh, hapo, umeweka mpya, besi imefunguka. Kumbe ni waya uleule wa mwanzo. Baada ya hapo tukaanza rasmi, narusha sarafu, kichwa naweka mpya, upande wa pili naweka wa zamani, narekodi kwenye karatasi, mara kumi. Akapatia 4.

Hakukasirika, alinyamaza muda mrefu sana. Nami sikufurahi kushinda, maana niliona usoni mwake kwamba kile alichokisikia siku ya kwanza kilikuwa kweli kwake. Sikio halifanyi kazi peke yake jamani. Linasikiliza pamoja na macho, pamoja na bei, pamoja na hamu ya kutotaka kuonekana umekosea. Ukishatoa laki tano, unakaa kusikiliza kwa utulivu ambao hujawahi kuupa ule wimbo, halafu unasikia gitaa la pili lililokuwepo siku zote, unampa sifa waya. Na kuna kitu kingine watu hawakijui, volyumu ya mtambo ikipanda hata kidogo tu, sikio halikuambii "imeongezeka", linakuambia "imekuwa safi". Ndo maana ukienda dukani muuzaji akiwa ameshika rimoti mwenyewe, usiamini kitu.

Si mimi wa kwanza kufanya hivi. Mwaka 2007 kule Marekani James Randi, yule mwanamazingaombwe aliyemaliza maisha yake akifichua ulaghai, alitangaza kwamba dola milioni 1 za taasisi yake ni za mtu atakayeweza kutofautisha, kwa kusikia tu, nyaya za spika za kampuni ya Pear zilizokuwa zikiuzwa dola 7,250 na nyaya nyingine nzuri za kawaida. Dola milioni! Hakuna aliyeichukua. Na mwaka uliofuata Denon, kampuni ya vifaa vya muziki, walikuwa na waya wa mtandao, wa mita 1 na nusu, dola 499, una mishale ya kuonyesha sauti ielekee upande gani. Waya wa mtandao unabeba sifuri na moja, aidha zimefika au hazijafika, hakuna sifuri yenye besi nzuri. Ni vilevile kwa HDMI, ule waya wa kwenye TV, ukiona picha haikatiki na sauti haikatiki basi waya wako umeshamaliza kazi yote.

Sasa turudi kanisani. Jumapili ileile watu walipoondoka nilibaki. Mikisa iko nyuma karibu na mlango, imechomekwa kwenye soketi ya nyuma. Ampilifaya iko mbele karibu na madhabahu, imechomekwa kwenye soketi ya mbele. Soketi mbili, kila moja na waya wake wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, na waya wa sauti umeziunganisha katikati, ukawa mduara. Huo mduara unaokota umeme wa nyumba, ambao huku kwetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndo mmmm yenyewe. Ungeweka waya wa sauti wa milioni kumi ungevuma vilevile, kwa sababu ubovu haukuwa kwenye shaba. Nikavuta ekstensheni moja ndefu kutoka soketi ya mbele mpaka kwenye mikisa, vyote vikala umeme sehemu moja. Kimya. Mama mhazini alikuwa amekaa benchi la mbele, akainua uso akatazama juu kama mtu aliyesikia feni imezimwa. Ekstensheni ilinigharimu 32,000.

Na hapa lazima niseme, maana nimeona wenzetu wakifanya hivi: mvumo ukisumbua, fundi anachukua koleo anakata mguu wa ethi kwenye plagi. Mvumo unaisha kweli. Halafu siku kifaa kinavujisha umeme, mtoto wa kwaya anashika gitaa huku mdomo uko kwenye maiki, na ile njia ya umeme kutorokea hujaiacha. Usikate ethi. Kama umeshakata, kabla ya Jumapili nenda ukarudishe. Vifaa vikiwa mbalimbali namna ile, kuna vijisanduku vya transfoma vya kutenganisha njia ya sauti, bei yake ya kawaida tu, na ukitumia XLR, kile kichwa cha pini tatu kama cha maiki, badala ya jeki ya miguu miwili mara nyingi unaisha wenyewe, kwa sababu ndani ya XLR sauti inasafiri kwenye waya mbili zilizogeuziana na uchafu unaoingia njiani unafutwa mwisho wa safari. Huo ni ufundi wa kweli, na haudai bei ya kutisha.

Haya, nikubali ninayotakiwa kukubali. Waya wa gitaa ni habari nyingine. Gitaa la umeme lisilo na betri ndani linatoa umeme dhaifu, na waya mrefu mbovu unameza ule mlio wa juu, mpiga solo atausikia huo upungufu akiwa amefumba macho, kwa hiyo hapo kuchagua waya kuna maana. Maiki nayo inataka waya uliolindwa vizuri na vichwa imara, mimi mwenyewe nanunua vichwa vya Neutrik na nalipa bila kulalamika kwa sababu vinakanyagwa, vinavutwa, vinamwagiwa soda, na bado vinafanya kazi. Hapo nanunua uimara, sinunui sauti. Na mtu mwenye hela zake aliyeamua waya wa bluu uliosukwa unampendeza sebuleni, ni hela zake.

Pia rahisi kupita kiasi ni sumu. Mitaa yetu imejaa waya unaouzwa kama shaba na ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu inapitisha kama asilimia 60 tu ya shaba na inakatika ukiikunja mara mbili tatu. Kukwarua kwa wembe kunatosha, ukiona nyeupe chini ya wekundu rudisha. Au ubebe tu mkononi, wauza vyuma chakavu wanajua hili kuliko sisi mafundi, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu. Kinachoniumiza ni kwamba nilikwarua na zile nyaya za laki nane. Ni shaba halali. Ni shaba ileile ninayonunua mimi kwa mita kwa maelfu machache, imevalishwa nguo.

Yule muuzaji sitamtaja na sitalitaja duka. Mama mhazini alirudi kuomba abadilishiwe hata kwa spika, akaambiwa mali ikiuzwa hairudi. Lakini nataka siku moja akae kwenye ile ibada, asikie kwaya ile ya akina mama ikiimba kwenye jengo lenye kuta za zege tupu, madirisha ya vioo na bati juu bila dari. Neno likitoka kwenye spika linagonga ukuta wa nyuma, linarudi, linakutana na neno la pili njiani. Wazee wa benchi za nyuma hawapati mahubiri, wanapata mwangwi. Hilo ndo lilikuwa tatizo la kwanza na la pili na la tatu la sauti ya kanisa lile, na laki nane ingenunua mapazia mazito ya madirisha yote na mikeka na zulia la pale mbele, na bado ingebaki ya kumlipa kijana wa kushusha spika zile zilizofungwa karibu na bati zikiangalia feni, aziinamishe ziwatazame watu.

Nimemwambia hivyo. Akatoa daftari lake la hesabu, lile la jalada jekundu, akanionyesha kilichobaki ni 140,000, akauliza kama inaweza kuanza na madirisha mawili ya nyuma, upande wanaokaa wazee. Nimemjibu inaweza. Kuna fundi cherehani pale usharikani amekubali kushona bure wakimletea kitambaa, na mimi Jumamosi saa nne naenda na futi kupima.